Maji ya Pili

Masika yalipoikoroga Kangemi,
mwanzi ulitoboa saruji ya Mzee Gitahi,
palepale anapoegesha pikipiki.
Ncha moja, yenye vinyweleo, kama kidole
kinachouliza: hapa ni kwa nani?

Mama Khalayi hakungoja jibu.
Kisu, ndoo, kanga kiunoni.
"Kesho utaitwa ufito," aliuambia. "Leo ungali mboga."

Nilimenya mimi. Ganda chini ya ganda,
vazi chini ya vazi, hata nikadhani
hamna mtu ndani.
Kumbe yumo: mweupe, mfupi kuliko mkono wangu,
ana vyumba kama ploti yetu,
vyembamba,
ila havina wapangaji.

Maji ya kwanza yalitoka manjano, machungu.
Tukamwaga.
Mtungi ni shilingi ishirini, na bomba limekauka tangu Jumanne.
Nikasema, mama, si yatosha?
Akauinua mtungi wa kuogea.
"Mwanzi hauliwi kwa pupa. Pupa ndiyo sumu yake."

Maji ya pili. Kisha karanga za kusaga,
munyu kidogo, mwiko, kimya.

Gitahi alikuja na hasira za saruji yake.
Alisimama mlangoni; pua ikamsaliti.
Akala bila kuketi,
akalamba kidole,
na kodi hakuipunguza hata ndururu.

Asubuhi pikipiki ilikuwa imehamia upenuni,
na pale penye ufa, matofali matatu, duara.

Sisi tulilala hatujaoga,
tukinukia karanga
na mlima ambao sijawahi kuuona.