Kanda la Usufi

Wepukhulu, katibu wa wakulima wa kahawa,
ameshuka kutoka Bududa na karatasi iliyokunjwa mara nne.
"Fulana mia mbili na arobaini," anasema.
"Za kijani. Kifuani tawi la buni.
Na ziwe nyepesi, mama. Basi linatoza kwa kilo."

Namwekea mbili mezani, kando ya makopo ya wino.
Sisemi kitu. Kitambaa kina mdomo wake.

Hii ni gramu mia moja na thelathini kwa mita ya mraba.
Iinue dirishani: unaiona Barabara ya Nasser yote,
mkokoteni wa karatasi, muuza chapati,
askari anayepiga miayo.
Ukiweza kuuona mtaa kupitia fulana,
mtaa nao utakuona wewe.

Hii ya pili ni mia mbili.
Ifinyange ngumini, uiachie:
inanyooka taratibu, kama mtu aliyelala akashiba usingizi.

"Nzito," anasema, akiipima kiganjani
kama anayepima kahawa mbichi.

Nzito, ndiyo.
Mwaka juzi niliwachapia wanakwaya wa Soroti zile nyepesi.
Kufua mara tatu tu,
mshono wa ubavu ukahamia kitovuni,
na wino ukakaa kifuani kama plasta juu ya kidonda.
Walizirudisha kwenye gunia. Nauli ya gunia nililipa mimi.

Lakini sikudanganyi, katibu: uzito peke yake si ubora.
Nimewahi kushika nzito ya nyuzi fupi
ikaota vipele kama kuku aliyenyonyolewa.
Vuta uzi. Usikilize unavyokatika.

Anatoa simu, anapiga hesabu.
Kilo kumi na saba zaidi, karibu.
Elfu moja kwa kilo mpaka Mbale,
mia tano nyingine kwa mguu, kutoka daraja lililozolewa
mpaka juu ghalani.
Nakamata kalamu, nagawa kwa watu wote:
shilingi mia moja na ushei kwa kila mgongo.
Peremende.
Bei ya kitambaa ndiyo inayouma, na hiyo nimemwambia wazi.

"Na anayebeba kutoka darajani ni nani?"
"Khainza."
"Umemuuliza?"

Anampigia, anaiweka simu mezani kati ya fulana mbili.
Upepo wa mlimani unafika kabla ya sauti.
"Mimi hulipwa kwa kilo," Khainza anacheka,
"na wewe unatafuta kilo za kuninyima?"
Kisha, bila kicheko:
"Na mimi ni mwanachama. Namba themanini na saba.
Saa kumi na moja alfajiri, wakati wa kuchuma,
ukungu wa huku unaingia mpaka kwenye meno.
Leteni nzito.
Ila msinifungie mzigo mmoja. Goti la kushoto limechoka."

Wepukhulu anaikunja tena karatasi yake, mara nne,
halafu anaikunjua, anafuta namba, anaandika nyingine.

Mzigo wa mwenzio, tunaambiwa, ni kanda la usufi.
Nimefanya kazi na pamba miaka kumi na tisa
na sijaona kanda lisilo na mtu chini yake.

Ijumaa jioni nipo ofisi ya mabasi.
Mizani ya hapa haijui vina wala vituo;
ina sindano moja inayotetemeka
na karani anayeegemeza kiwiko pale pale pasipotakiwa.
"Ondoa kiwiko," namwambia.
Sindano inashuka kilo moja na nusu.

"Mbona marobota mawili?" anauliza.
"Mzigo wa mtu mmoja, mahali pamoja. Ungefunga moja."

Nahesabu noti.
Ananitoza kamba mara mbili.
Nalipa.