Ganda Tupu

Bunduki ilikuwa moja, sisi tulikuwa tisa,
na risasi zilihesabiwa kama vidonge vya dozi.
Koplo Lipunjaje, mstaafu, goti moja bovu,
alitulaza kifudifudi nyuma ya ghala la ufuta,
hapa Barikiwa, saa moja asubuhi, nyasi bado zina umande.

Yangu ya kwanza iliingia kwenye kichuguu.
Ya pili, kichuguu hicho hicho.
Wanaume wakaniuliza kimenikosea nini.

Nilidhani ni macho. Nikadhani ni kitako,
kirefu, kilichochongwa kwa bega la mtu mwingine.
Koplo hakusema kitu. Alitupa kisogo,
akajaza mwenyewe, akanirudishia.
"Piga."
Nikavuta.
Kah.
Hakuna moto, hakuna moshi, hakuna teke begani,
ila mtutu ulikuwa umeinama
kama mtu aliyekutana na mkwewe njiani.

Wote wakauona.
Ndani ya bunduki mlikuwa na ganda tupu,
ndani yangu mlikuwa na mlipuko.

Nikajua ulikotoka. Gobore la mjomba Nandonde,
baruti kaishindilia mara mbili kwa kusahau,
nami mtoto nimemshikia taa.
Yeye alipoteza kidole gumba na hamu ya kuwinda.
Mimi sikupata hata mchubuko,
nilibaki na hili jicho tu
linalofumba kabla halijaambiwa.

Bunduki hulala ofisini kwa mtendaji, kufuli mbili.
Nyumbani nina mchi.
Nikauweka begani, sarafu ya mia mbili juu ya ncha,
mwanangu Shazili nyuma yangu na masufuria mawili;
nilimlipa kashata
ayagonge wakati autakao, asinitonye.
Sarafu ilianguka.
Ilianguka. Jirani akauliza kama tunapunga pepo.
Ilianguka.

Usiku wa nne nilikaa kubangua korosho,
mafuta ya ganda yakanirukia kidole,
yale yanayobabua mpaka ngozi ibambuke,
na kidole hakikutoka.
Kilikaa pale pale, kikaimaliza punje,
kikaifuata nyingine.
Nikakitazama kama mgeni aliyeingia bila hodi.
We, nani alikufundisha? Lini?
Magunia mangapi, na mimi sina habari?

Kesho yake nikajaza kama ninayebangua:
bolti juu, nyuma, ganda liruke liendako,
shika nyingine, sukuma, funga,
macho yasiifuate mikono.
Pumzi nusu nje. Kidole kikaminya taratibu
kama kinachotafuta ufa wa ganda,
chenyewe kisijue ni lini litapasuka.

Tano alinipa, hakuniambia ipi ni ipi.
Mlio. Karatasi ikatoboka ukingoni.
Mlio. Kichuguu, niwie radhi.
Mlio, na tundu la pili karibu na la kwanza,
kama pua na tundu lake.
Ya nne:
kah.
Mtutu haukumsalimu mtu.

Hakuna aliyepiga kofi. Cha kupigia makofi kilikuwa wapi?
Ng'ambo ya ghala, shamba la Mama Namangaya
lilikuwa limelazwa chini tangu juzi,
nyayo za tembo pana kama nyungo
zimetuamisha maji.

Koplo akajikuna goti.
"Imebaki moja," akasema. "Koki."