Akiba ya Mshono

Ghorofa ya tatu, Barabara ya Nathan, Hong Kong.
Karatasi za kaki mia tatu na kumi na mbili
zilining'inia kwenye kulabu kama ngozi zilizochunwa:
bega la mtu, paja la mtu,
kiuno kilichonenepeshwa na bonasi ya Desemba.

Benki nazijua kwa matumbo yake.
Mwaka hisa zilipopanda, mikanda ilisogea tundu moja nje.
Ziliposhuka, walirudi na suruali zilezile:
"Punguza, Bibi Mok."
Nikapunguza, nikanyamaza, nikalipwa.

Ukaja Juni ule.
Fulana nyeusi, miavuli, helmeti za manjano za wajenzi;
upande wa pili ngao, na kipaza sauti kikisoma onyo
ambalo hakuna aliyelisikia.
Moshi ukapanda ngazi bila kubisha hodi.
Sufi haina pua lakini ina kumbukumbu:
wiki mbili baadaye nilifungua kabati la majora
na macho yakanitoka machozi upya.

Parmanand wa chini, mbadili fedha,
alikuwa akiandika bei kwa chaki, akifuta, akiandika,
hata siku moja akafuta asiandike.
"Fedha ni paka," akaniambia, akiteremsha shata.
"Haigombani na mtu. Huihama tu nyumba yenye kelele."
Nikamwuliza, na panya je?
Akacheka. Jumatatu hakurudi.

Kisha barua.
Bwana Aldersey, kutoka Singapuri:
tafadhali nitumie karatasi yangu, nimepata fundi huku.
Okudaira, kutoka Tokyo, vivyo hivyo.
Bibi Van Rossem hata hakuandika;
koti lake la mkono mmoja lingali juu ya meza.
Nikazikunja moja moja, nikazitia kwenye mirija,
nikasimama foleni ya posta nimekumbatia matumbo ya watu.

Wasemao mali bila daftari hupotea bila habari
hawajaliona duka langu.
Daftari lipo.
Habari ipo, usiku kucha, kwenye televisheni:
mtaalamu huyu asema mji umekwisha,
yule asema utapona robo ya tatu ya mwaka.
Wote wawili, makoti yanawabana kwapani.

Novemba alikuja Tsz-him na mama yake.
Miaka kumi na tisa. Suti ya kijivu, ya kawaida.
"Ya kazi?" nikauliza. "Benki gani?"
Mama akazitazama kulabu tupu.
"Ya mahakamani," akasema kijana.

Utepe ulipopita mbavuni akashtuka.
Chini ya shati, rangi ya biringanya
ikigeuka manjano kingoni.
Nikaandika: kifua, thelathini na sita.
Lile jingine sikuliandika.

Sasa huja wawili, watatu kwa wiki.
Biashara haikufa, basi;
imebadili tu mlango ambao mteja ataingilia akitoka kwangu.
Wiki hiyohiyo askari mmoja alileta suti yake ya harusi.
Imempwaya, alisema, halali.
Nikapunguza, nikanyamaza, nikalipwa.

Mnaniuliza kesho ya mji huu.
Mimi nina mkasi na chaki.
Najua kwamba mama alihesabu noti mara mbili
na mara zote mbili hazikutosha,
nikasema zimetosha.
Najua kwamba ndani ya koti, hakimu asipoweza kupaona,
niliacha inchi mbili za kitambaa mgongoni,
na mbili nyingine kwenye pindo la suruali,
kwa sababu wa umri ule bado anakua
na hakuna aliyeniambia atatoka lini.

Karatasi yake nimeitundika
kwenye kulabu ya Aldersey.