Maandishi ya Chini

Kaka yangu Zahor alipokuwa mdogo
aliisoma midomo ya nyumba nzima,
na midomo, wee, ni misaliti:
baba, mama, papa, mlango ule ule mmoja
unafunguka na kufungwa mara mbili.
Bibi akisema mimi, yeye huona bibi,
na mara nyingine huona pipi,
akanyoosha mkono.
Tukicheka alicheka nasi, sekunde moja nyuma,
kama matangazo ya setilaiti.

Hapa Mabela jioni huanza na habari.
Mama na birika lake, Baba na rimoti,
na msomaji mwenye ndevu nzito
zilizouficha mdomo kama magugu yafichavyo kisima.
Pembeni, chini kabisa, walimweka mkalimani
ndani ya duara dogo kama baisa kumi;
vidole vyake, kwa Zahor,
vilikuwa mbu wanaopigana nyuma ya kioo.
Halafu likapita tangazo la mchele
likamkata mikono.

Ndipo ikaja ile dhoruba.
Siku mbili waliitangaza: wadi zitashuka,
msivuke, pandeni juu, ondoeni magari.
Sisi tulikuwa Ibra, harusini.
Yeye peke yake, televisheni wazi mbele yake,
aliona mwanamume ametulia, kilemba kimekaa sawasawa,
akadhani anasoma bei za mafuta.
Alfajiri kaamka, miguu imo majini
na kandambili yake inaelea kuelekea mlangoni
kama mgeni anayeaga.

Hakufa; msilie bure.
Alikaa juu ya friji mpaka adhuhuri.
Tuliporudi aliniuliza kwa mikono, polepole,
mikono ingali na tope:
Watu wote walijua?

Sasa nachapa. Chumba baridi kama mochwari,
visikizi masikioni, Kiarabu kikitoka kulia kwenda kushoto,
mistari miwili, isizidi,
na jicho halipewi zaidi ya sekunde sita.
Nimejifunza kupunguza maneno
bila kumpunguza mtu.
Mwenzangu Mundhir aliandika: muziki.
Zahor akatuma ujumbe: Muziki gani? Wa harusi au wa mwizi?
Nikaandika: mlango unagongwa.
Akatuma: Umeugonga kabla mgeni hajafika.
Nikaandika: sauti ya ajabu.
Akatuma: Kwangu zote za ajabu, dada. Fafanua.

Mkubwa wa kitengo aliuliza, wako wangapi hao,
kwa gharama yote hii?
Nikamuuliza, mama yako ana miaka mingapi?
Akazungusha kikombe chake cha kahawa.
Juzi, akasema, kapandisha sauti
mpaka jirani akagonga ukuta.
Akatia sahihi.

Mfungo huu, tamthilia, sehemu ya kumi na saba:
mjane amerudi nyumbani, anakunja kanzu ya marehemu,
anaikunjua, anaikunja tena.
Sekunde kumi na moja. Hakuna muziki, hakuna hata pumzi.
Mundhir alitaka tuandike: kimya.
Nikapaacha chini patupu.

Simu ikawaka. Umesahau kuandika?
La, nikajibu. Hamna sauti. Hakuna aliyesikia kitu.
Vile vidoti vitatu vikacheza, vikazima, vikacheza.
Basi leo, akaandika,
tumekaa sote mkeka mmoja.

Nikavua visikizi nipanguse macho,
na simu ikawaka tena:
Lakini jana kwenye mpira
uliyatandaza maneno yako juu ya matokeo.
Nani kashinda?