Mikorosho Ishirini na Minne

Fedha ya mnada iliingia usiku,
simu ikaguna chini ya mto:
laki sita na elfu arobaini,
makato yameshakatwa, ya chama, ya magunia, ya nani sijui.
Ndiyo mikorosho ishirini na minne ya bondeni
niliyoipalilia mwenyewe, nikaiokotea mwenyewe,
mgongo bado unaikumbuka mmoja mmoja.
Mama akasema: Hii yako, Somoe. Usiniletee pikipiki.

Sileti pikipiki.
Naleta kompyuta ya kuchezea.

Daftari ninalo tangu kipupwe.
Ukurasa wa kulia matamanio, wa kushoto uwezo,
katikati pini imeota kutu.
Kulia niliandika: kadi ya picha, feni tatu, taa za rangi.
Kushoto niliandika: feni?

Nikashuka Masasi kwa Mchopa, nyuma ya stendi,
duka lenye upana wa mlango wake.
Akanipangia vitu kwenye meza kama mafungu ya dagaa.
"Madabodi hii na prosesa yake vimetoka ofisini,
vimechoka kuandika barua tu, mbio bado vinaweza.
Ramu chukua mbili za nane, usichukue moja ya kumi na sita.
Gunia likibebwa na wawili haliyumbi."

Nikaona pawasaplai ya elfu thelathini.
Nyepesi, kama kopo lililokwisha maziwa.
Mchopa akaninyang'anya, akaitikisa sikioni.
"Hii ikifa haifi peke yake."
Nikawaza Newala yetu:
gesi inachimbwa mkoa huu huu,
na umeme unakatika mkoa huu huu,
ukirudi unarudi kwa hasira.
Nikatoa laki na kumi
kwa kitu kisichoonekana katika mchezo wowote,
kisichoongeza hata jani moja
kwenye msitu wa kioo.

Monita ya mkono wa pili, ina alama moja pembeni,
kama chunjua. Nimeizoea.

Nikabaki na elfu thelathini, na sina kesi.
Nikaenda kwa Chimbuli anayefua majiko ya mkaa sokoni,
nikamchorea kwenye vumbi: hapa urefu, hapa matundu.
Akauliza kinachopikwa humo.
Nikamwambia hakipikwi kitu, tunataka kisiive.
Alicheka hadi nyundo ikamtoka.
Halafu akafuta mchoro wangu kwa unyayo,
akachora wake:
"Baridi iingie chini, moto utokee juu.
Jiko ni jiko."
Na matundu akayatoboa kwa msumari,
safu saba, ya saba imepinda.

Tuliunga usiku, mimi na mdogo wangu Nassoro,
yeye ameshika tochi kwa meno.
Skrubu moja ilianguka ikapotea,
tukaisikia ikicheka ndani ya bati.
Nikabonyeza. Kimya.
Nikabonyeza. Nassoro akatema tochi:
"Hujachomeka ukutani."

Ikawaka.

Mchezo unakwenda. Nimeshusha kila kinachoshuka:
vivuli hakuna, mvua inanyesha bila kulowesha,
majani yamekuwa karatasi za kijani,
na adui wa mbali ni doa linalokuja.
Lakini anakuja, na mimi namkimbia, na hakuna kinachokwama.
Nassoro anapiga kelele mpaka jirani anagonga.

Ile nafasi ndefu ya kadi nimeiacha wazi.
Asubuhi naipangusa kwa kitambaa, kama kuna kitu.
Matundu ya chini nimeyavisha soksi yake ya shule,
maana mwezi wa sita bloa zikianza shambani
salfa haibishi hodi,
inaingia kwenye uji, kwenye kope, kwenye feni.

Jana mama aliinama akachungulia.
"Na hapa patupu?"
Pa kadi, mama.
"Mikorosho mingapi?"
Nikafungua daftari, ingawa jibu nalijua.
Kumi na mitatu. Bei isiposhuka.
Akanyanyuka, akafunga khanga upya kiunoni.
"Basi majani bondeni yamefika magotini.
Sijui kama hilo sanduku lako limekwambia."