Ngazi za Valparaíso

Kiganja changu kiko chini ya goti lake.
Sikunyanyui, namwambia, nakungoja tu.
Don Eleuterio alibeba mitungi ya gesi
miaka thelathini na mmoja, mlima Cordillera, juu, chini;
leo kidole gumba cha mguu kimegoma
kama punda aliyesikia habari za mizigo.

Chuoni nilikariri misuli kwa Kilatini.
Hakuna aliyenifundisha
mtu mzima anavyolia akivalishwa soksi.

"Binti, lini?" huniuliza kila Jumanne.
Kutoka barabarani hadi mlangoni kwake
ni ngazi mia na sitini na tatu.
Mkewe, Herminda, huzihesabu akimletea mkate.

Jibu sina. Nina kiti, mkanda wa mpira,
na vidato vitatu vya mbao visivyokwenda popote.

Apanda kimoja. Ashuka.
Jasho. Tusi zito kwa serikali.
Apanda.

Jioni nakwea ngazi zangu, viazi begani,
katikati nasimama ghafla, mguu mmoja hewani:
nyonga, goti, kifundo, kisigino,
haya yote nilifundishwa na nani?
Kiazi kimoja chaponyoka,
chashuka mtaa mzima
bila msaada wa mtu.