Sababu Tatu, Athari Nne

Mjukuu ana mtihani. "Bibi, viwanda.
Nitajie sababu tatu, athari nne."
Nina ungo wa maharage mapajani.
Andika, basi.

Kabla ya king'ora, saa yetu ilikuwa maji.
Kivuli cha mgomba kikigusa jiwe la kunolea panga,
Kirenga wa juu huzibua mfereji,
hupiga mluzi. Hapo ndipo palikuwa saa nne.

Kihamba cha babu kilikatwa mara nne,
cha baba kikakatwa mara tatu,
kisu kilipofika kwangu
nikaambiwa mwanamke hakatiwi.
Kodi nayo haikuuliza una migomba mingapi.

Nikashuka Moshi kwa miguu, viatu mkononi,
nikavivaa penye reli.
Karani akaniuliza jina. Ndekusara.
Akaandika Ndeku, akaona linatosha,
akanipa kadi: mia mbili kumi na mbili.

Meza ndefu, buni inapita.
Toa nyeusi. Toa iliyotobolewa na mdudu.
Toa iliyovunjika.
Kahawa ya kwenda ng'ambo. Sisi tulikunywa chai.

Kushoto kwangu Nakijwa, Mpare wa Usangi.
Kulia, Aikande wa Rombo:
Kichaga chake na changu havikusalimiana.
Ikabidi tukutane kwenye Kiswahili,
kila mmoja na kikapu kitupu.
Neno la kwanza tulilokuwa nalo sote: mshahara.
La pili: kikohozi.

Mwisho wa mwezi waume walijaa getini.
Wangu alikuwepo.
Mwezi wa kwanza nilimpa zote.
Mwezi wa tatu, nusu.
Mwezi wa sita alikuja na baiskeli ya kuazima,
akasema, "Panda. Umechoka?"
Miaka yote niliyobeba majani ya ng'ombe
kutoka tambarare hadi mlimani, kichwani,
swali hilo hakuwa nalo.

"Hiyo ni athari nzuri," anasema mjukuu,
anapiga mstari.

Haya. Andika na hii.
Siku ya kuzoa tope la mfereji
Kirenga alipuliza baragumu, akapuliza tena.
Vijana walikuwa ghalani, wanashona magunia.
Baragumu halikufua dafu mbele ya king'ora.
Wakaja wazee wawili na mtoto mwenye jembe bovu.
Jumatano maji hayakufika kwetu.
Kirenga alisimama juu ya ukingo mkavu
akapiga mluzi wake vilevile,
saa ileile.
Nadhani alikuwa anatafuta asubuhi.

Mjukuu kashika kalamu hewani.
"Sasa hiyo, Bibi, niiweke upande gani?
Sababu au athari?"

Naangalia ungo.
Nyeusi huku.
Iliyotobolewa huku.
Mikono haijui kwamba nilistaafu.